Macho ya Mwizi wa Mafuta

Maziwa yalikatika mara tatu asubuhi moja, na hapo ndipo Mwalimu Wijekoon alipoanza kuingiwa na wasiwasi, ingawa alijifanya hana. Mara ya kwanza alimlaumu ng'ombe. Mara ya pili akalaumu sufuria. Mara ya tatu alikuwa amesimama jikoni mwenyewe, maziwa ya jirani yako motoni, meupe na matulivu, binti yake Inoka akaja akainama kuangalia yamefikia wapi. Pale pale yakajikunja, yakawa mabonge yanayoelea kwenye maji ya kijani.

"Yamekatika tena?" Inoka akauliza.

"Ni joto hili," baba yake akasema. "Kunywa chai ya rangi, mwanangu."

Jikoni palinuka utambi uliozimwa sasa hivi, utambi na mafuta ya nazi yaliyoungua. Nyumba ile ilikuwa na umeme miaka thelathini. Hakukuwa na taa ya mafuta hata moja ndani yake.

Mwalimu Wijekoon tulimheshimu sote hapa Dodanhela. Alikuwa mwalimu mkuu mpaka alipostaafu, akawa mwenyekiti wa kamati ya hekalu, na hakuna harusi wala msiba alioukosa. Mkewe alifariki Inoka akiwa na miaka minne, naye hakuoa tena. Alimlea mtoto peke yake, akamsuka nywele kwa mikono yake kila asubuhi, vibaya kiasi kwamba wanawake wa kisimani walikuwa wakimfumua na kumsuka upya kabla hajafika shuleni, na baba mtu hakuwahi kujua. Sasa Inoka alikuwa na miaka ishirini na sita, anafundisha watoto kuchora. Macho yake yalikuwa ya kahawia iliyopauka, si kawaida kwetu, na kwenye weupe wa jicho la kushoto alikuwa na doa jeusi dogo kama punje ya ufuta. Ungemjua kwa doa hilo hata sokoni kwenye mji mkubwa wa Kandy.

Jana yake, siku moja kabla ya maziwa kukatika, Inoka alikuwa hekaluni na brashi.

Hekalu letu liko ndani ya pango, na kuta zake zote zimechorwa tangu enzi za wafalme. Ukuta wa mbele una Buddha na maisha yake ya awali, alipozaliwa sungura, alipozaliwa tembo, alipozaliwa mwana wa mfalme aliyegawa kila alichonacho. Wageni wanaotoka mbali huja kwa ajili ya ukuta huo. Mtoto wa Dodanhela hakumbuki hata kimoja katika hayo. Anakumbuka ukuta wa kushoto, ule wa jehanamu, na ndani yake mwanamke aliyechuchumaa, chungu cha mafuta yanayochemka kichwani, uso umeelekea watu, na penye macho hapana kitu. Pana ngozi tupu, ya manjano.

Huyo ndiye Mwizi wa Mafuta. Kila siku ya mwezi mpevu, tukishatoa maua na kuwasha taa, mama alikuwa anakushika kifundo cha mkono anakupeleka mbele yake. "Nyoosha kidole," anakwambia. "Muone aliyeiba mafuta ya taa za Buddha. Hata macho hana." Nawe unanyoosha. Mimi nilinyoosha, na wanangu niliwanyooshesha, na sikuwahi kujiuliza huyo mama wa ukutani alikuwa nani. Miaka mia mbili na zaidi mtu ananyooshewa vidole na watoto wachafu wa makamasi, na sisi tukiita malezi.

Sasa kulikuwa na sherehe ya hekalu inakuja, na wageni wakubwa wamealikwa. Mwezi mpevu uliopita mgeni mmoja mwenye kamera alisimama mbele ya Mwizi akacheka. "Huyu mlisahau kummalizia?" Neno lile lilimkera Mwalimu. Hekalu lilijengwa na babu yake wa mbali, mkuu wa wilaya wa mfalme, na jina la babu huyo limechongwa kwenye boriti juu ya mlango. Sherehe ilipokaribia alikwenda kwa Mzee Pinhamy, ambaye ukoo wao ndio uliochora kuta zile.

"Kazi ndogo tu, mzee wangu," Mwalimu akasema. "Macho mawili."

Mzee Pinhamy alikuwa anatafuna tambuu, na hakuacha. "Babu wa babu yangu alichora kila jani la mti na mshipa wake, Mwalimu. Unadhani alipofika kwenye macho ndipo alipochoka?"

"Basi kwa nini aliyaacha?"

"Mnaojua ni nyinyi wa kwenu."

"Usinifumbie mafumbo, mimi si mwanafunzi wako."

"Wala wewe si mwalimu wangu, maana mimi shule sikwenda." Akatema mate mekundu kando ya kizingiti. "Mimi sishiki. Ukimpata wa kushika, mwambie hivi. Asiende peke yake. Asiende saa sita mchana. Na asimtazame usoni. Aende na kioo, ampe mgongo, achore akimwona kiooni, kama tunavyomfungua macho Buddha."

Hilo la kioo hapa tunalijua sote kama tunavyojua kuosha mchele. Sanamu ya Buddha ikimalizika, macho huja mwisho. Mchoraji humpa mgongo, hutazama kioo, hupitisha brashi juu ya bega. Kisha hufungwa kitambaa machoni, hutolewa nje akiongozwa, na kitambaa kikifunguliwa kitu cha kwanza anachokitazama huwa ni chungu cha maziwa, nacho hupigwa panga kikavunjika. Jicho jipya lina uzito. Lazima litue mahali, na ni heri litue kwenye chungu. Ila tulidhani hayo ni ya Buddha peke yake. Nani angefikiria kumfanyia hivyo mwizi wa jehanamu?

Mwalimu alirudi nyumbani akamwomba binti yake. Na hapa nitasema wazi ninavyomwona mtu huyu, pamoja na heshima zake zote. Alikuwa na tabia ya kusema nusu. Nusu inayomfaa aliitoa, nusu nyingine akaibakiza mfukoni. Kwa Inoka alisema, "Mzee anasema uende na kioo." Basi.

Inoka akaenda. Alikwenda saa sita, kwa sababu saa hiyo ndipo mwanga unapofika ukuta wa kushoto, na alikwenda peke yake, kwa sababu mtawa mkuu alikuwa amemaliza kula chakula chake cha mwisho cha siku, maana watawa wetu hawali baada ya saa sita, na kujipumzisha. Kioo alikuwa nacho. Ila hakuambiwa ni cha nini, na mwalimu wa kuchora anapopewa kioo na kuambiwa achore macho hufikiria jambo moja tu. Alikishika mkono wa kushoto, akajitazama, akageuka ukutani, akachora. Akajitazama tena, akachora tena. Alikuwa hodari, masikini. Hata lile doa hakulisahau.

*

Baada ya maziwa ulikuja mtambuu wa langoni. Inoka alisimama kuuangalia asubuhi akielekea shule, na jioni majani yalikuwa yamekauka yote, yanapasuka ukiyagusa. Kisha ndama wa jirani, ambaye Inoka alimkuna shingo akimtazama, naye hakusimama tena. Siku ya tatu, darasani, aliinama juu ya kitabu cha mtoto mmoja kuona alivyochora mwembe, mtoto akainua uso wakatazamana, na mtoto akaanza kutetemeka kwa homa pale pale kwenye dawati.

Inoka aliomba ruhusa, akarudi nyumbani akitazama vidole vya miguu yake njia nzima. Aliingia chumbani akakaa kwenye kiti, uso ukutani.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "ukiingia usije mbele yangu."

"Una nini, mwanangu?"

"Sijui. Kuna mtu anatazama. Nikifungua macho anatazama kabla yangu."

Mwalimu alisimama mlangoni. Ilikuwa saa sita na robo, jua limewaka uani, jirani anatwanga pilipili, redio ya mtu inasoma habari, kila kitu kilikuwa kama kilivyokuwa jana na juzi, ila ndani ya chumba kile palikuwa na sauti ndogo ya kitu kinachodondoka, tone, kisha kimya, kisha tone, naye akatazama juu akidhani ni bati, na mvua ilikuwa haijanyesha wiki mbili, akatazama chini kwenye saruji nyekundu aliyoipiga rangi mwenyewe akaona nyayo zimetoka mlangoni alipokuwa amesimama zikaenda mpaka nyuma ya kiti cha binti yake, nyayo za mtu asiye na viatu, ndogo, zinazong'aa kwa mafuta, na hazikurudi. Harufu ya utambi ilijaa chumbani. Akataka kumwita Inoka, na kabla hajafungua mdomo Inoka akageuza kichwa, polepole, mabega yakibaki ukutani, akamtazama, na macho yalikuwa ya Inoka, na doa lilikuwa la Inoka, lakini aliyekuwa ndani yake hakuwa Inoka.

"Wewe ni wa wale," akasema. Hakupaza sauti. "Mkono ulionishika nywele ulikuwa na pete hiyo."

Mwalimu alificha mkono nyuma kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Pete ilikuwa ya ukoo.

"Mwache mwanangu," akanong'ona.

"Ameniazima macho, nami nayatumia. Niliambiwa sitaona tena. Sasa naona nyumba yenu, naona mlivyonenepa. Nitatazama kila kilicho chenu mpaka kisibaki." Akatabasamu kwa midomo ya Inoka. "Na wewe nakuweka mwisho, ili uone."

Kisha kichwa kikarudi ukutani, na Inoka mwenyewe akaanza kulia.

*

Mzee Pinhamy alikuja jioni hiyo hiyo. Alikaa mbali na Inoka, akanusa, akauliza maswali mawili, akauliza kioo kilitumikaje. Alipoambiwa, aligeuka.

"Na uliambiwa asiende peke yake," akamwambia Mwalimu.

"Nilisahau."

"Haya. Ulisahau." Mzee alivuta pumzi. "Kufukuzwa hafukuziki. Mtu aliyedhulumiwa unamfukuza umpeleke wapi? Keshokutwa ni mwezi mpevu. Tutamleta binti amefungwa kitambaa, tutamfungua amtazame yule kwa kioo kama ilivyopasa, tutamfunga tena tumtoe nje, atafunguliwa macho juu ya chungu na nitakivunja. Lakini kabla ya hapo wewe utasimama mbele ya ukuta, watu wote wakiwepo, useme ukweli wake. Wote walionyoosha kidole wasikie. Na useme jina."

"Jina gani?"

"Mwalimu," Mzee Pinhamy akasema taratibu, "mimi nilifundishwa ukuta ule na baba yangu. Usinifanye mtoto."

Mzee alipoondoka, Mwalimu alifungua sanduku la mbao lililokuwa chini ya kitanda chake. Ndani mlikuwa na maandishi ya kale yaliyokwaruzwa kwenye majani ya mtende, na hakuhitaji kuyasoma, kwa kuwa baba yake alimsomea alipotimiza miaka kumi na minane, akamwapisha asimwambie mtu. Mwanamke aliitwa Ukku. Kazi yake ilikuwa kuwasha taa za hekalu. Usiku mmoja aliona mafuta yakipakiwa migongoni mwa ng'ombe wa wafanyabiashara, akaona pia ni nani aliyesimama kupokea malipo. Alikuwa mkuu wa wilaya mwenyewe, mjenzi wa hekalu. Kwa kuwa aliona, alishikwa nywele akamiminiwa mafuta ya moto machoni. Kisha mkuu akaamuru achorwe jehanamu, aitwe mwizi, watoto wafundishwe. Mchoraji alichora kama alivyoamriwa. Ila alimchora kama alivyomwona mara ya mwisho, bila macho, ili siku moja mtu aulize.

Kwa hiyo Mwalimu alijua. Alijua siku ile alipokwenda kwa Mzee Pinhamy kuuliza kwa nini. Alijua alipompa binti yake kioo. Alitaka pale mahali patupu pajazwe ili mgeni mwingine asisimame tena kuuliza. Hicho ndicho kinachonichoma mimi, hata leo.

*

Siku ya mwezi mpevu tulijaa pangoni tangu asubuhi, sote tumevaa nyeupe, watoto wamekaa mbele. Mtawa mkuu alisoma sala zake. Inoka aliingizwa amefungwa kitambaa, ameshikwa mkono na baba yake, nasi tukajibana kando kumpisha. Nje ya mlango chungu cha maziwa kilikuwa kimewekwa juu ya kigoda, na Mzee Pinhamy ameegemeza panga lake pembeni. Macho ya ukutani yalikuwa yanatutazama. Niliyaona kwa mara ya kwanza siku hiyo, nikatamani nisingekuja.

"Sema, Mwalimu," Mzee Pinhamy akasema.

Mwalimu alisafisha koo. Alikuwa msemaji mzuri, tumemsikia kwenye sherehe ngapi.

"Ndugu zangu," akaanza, "huyu mama aliitwa Ukku. Zamani hizo kulitokea makosa. Inaonekana hakuiba. Inaonekana alionewa."

Watu wakaguna. Miali ya taa zote ikalala upande mmoja, kumwelekea yeye, na upepo haukuwepo.

"Na nani?" Mzee Pinhamy akanong'ona. "Taja."

Mwalimu akatazama binti yake. Nilimwona alivyomtazama, na siwezi kusema hakumpenda. Kisha akainua macho akatazama boriti ya mlango, na jina lililochongwa pale, na sisi sote tuliokuwa tunamheshimu.

"Hatujui na nani," akasema. "Ni mambo ya kale."

Harufu ya mafuta yaliyoungua ilijaa pango mpaka watoto wakaanza kukohoa, na juu ya kikohozi chao tukasikia tone, na tone, na tone, kila mtu akalisikia nyuma ya sikio lake mwenyewe, na Inoka, aliyefungwa kitambaa na asiyeona kitu, akauchomoa mkono wake katika mkono wa baba yake, akauinua, akanyoosha kidole usoni pa baba yake bila kukosea hata kidogo, na sauti ikatoka, sauti ya mama yeyote wa Dodanhela siku yoyote ya mwezi mpevu, ikasema, "Nyoosha kidole," na watoto waliokaa mbele, wa kwangu wakiwemo, wakainua mikono yao yote kwa pamoja wakamnyooshea kidole Mwalimu Wijekoon, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitabasamu.

"Macho hayo," Mwalimu akasema. "Ni macho hayo tu."

Mzee Pinhamy alikuwa na miaka themanini, hakuweza kumwahi. Mwalimu alinyakua panga mlangoni, akaruka mbele ya ukuta, akakwangua. Jicho la kulia, kisha la kushoto, mpaka chokaa nyeupe, mpaka jiwe. Kwenye kila jicho Inoka alilia mara moja. Mara mbili tu, kisha kimya.

Watoto wakashusha mikono wakaangaliana, hawajui walichokuwa wanafanya. Taa zikasimama wima. Harufu ikaisha. Mwalimu akatupa panga, akamkimbilia binti yake, anacheka kwa kuhema, anamwambia, "Imekwisha, mwanangu, imekwisha," huku anafungua fundo la kitambaa kwa vidole vilevile vilivyokuwa vinamsuka.

Macho ya Inoka yalikuwa wazi, hayana jeraha. Yalikuwa meupe kama yai lililomenywa. Doa halikuwepo.

"Baba," akasema, "mbona mmezima taa?"

*

Mwezi mpevu uliofuata, mtawa mkuu alipofungua mlango asubuhi, alikuta Mwizi wa Mafuta ana macho. Hayakuchorwa na mtu. Mikwaruzo ya panga ilikuwa ingali pale, na macho yako juu ya mikwaruzo, ya kahawia iliyopauka, na kwenye weupe wa jicho la kushoto lipo doa kama punje ya ufuta. Wamepaka chokaa mara mbili. Yanarudi.

Inoka yuko nyumbani. Kuchora hachori tena. Siku moja, akiwa amekaa uani na kikombe cha chai, alimwambia baba yake aliyekuwa anaingia, "Leo mchana ulivaa shati la bluu. Ulipiga magoti karibu na taa ya tatu." Mwalimu akaganda, kwa sababu hekaluni alikuwa ameenda peke yake.

"Unaona?"

"Kutoka kule tu. Humu nyumbani ni giza." Akanywa chai. "Wanakuja wengi, Baba. Wanawaleta watoto. Wanaponinyooshea vidole, naviona."

Ukija Dodanhela kutazama michoro yetu utamkuta Mwalimu Wijekoon amekaa chini ya ukuta wa kushoto, mchana wote, tangu mlango unapofunguliwa. Ile boriti ya juu ya mlango aliishusha mwenyewe. Ukiinua kidole atakishika kwa heshima na kukishusha, kisha atakusimulia habari za Ukku tangu mwanzo mpaka mwisho, na jina la babu yake, na jina lake, na alichokijua na alichokificha, hata nusu asibakize. Wageni wengine humpa biskuti wakidhani ni kichaa. Watoto hunyoosha vidole akigeuka.

Jioni hurudi nyumbani akaketi karibu na binti yake, na kila jioni humuuliza swali lile lile, kama leo amemwona.

"Nimekuona, Baba," Inoka humjibu. "Na yeye amekuona. Anasema kesho uje tena."